Sentensi Iliyokuwa Ubaoni

Nilianza kujifunza Kiingereza nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyetoka Mbeya na kupanga chumba jirani na changu, hapa Mazwi. Mimi ni fundi cherehani. Yeye alifundisha sekondari, na jioni aliwakusanya watu wazima wachache kwenye ukumbi wa kanisa kule Milanzi: wenye maduka, dereva wa bodaboda, muuguzi mmoja, nami. Mimi na mwalimu tulipika pamoja, na baridi ya Juni ilipokuja tuliota moto kwenye jiko moja. Nikamzoea kama ndugu.

Ndiyo maana nilimweleza habari za yule mwanamume wa Mpui. Alikuwa mkulima aliyefiwa na mke, na kila alipoleta ulezi mjini hakukosa kupita kwangu. Alikaa, akanywa chai, akaniuliza hali ya mama yangu. Watoto wake niliwashonea mashati. Nilimwambia mwalimu kwamba nampenda, na kwamba naona naye ananipenda ila ni mzito wa kusema. Mwalimu alinisikiliza, akanishika mkono. Wakati wa mavuno alipokwenda Mpui kununua mahindi, nilimpa sweta niliyoifuma mwenyewe ampelekee. Aliporudi alisema bwana ameshukuru sana. Hakuongeza neno.

Mvua zilipoanza, kuna siku nilichelewa darasani kwa sababu ya sare za shule nilizokuwa namalizia. Nilipofika mlangoni nilisikia darasa zima likimfuatisha mwalimu. Ubaoni kulikuwa na neno la siku hiyo, one-sided, na maana yake kwa Kiswahili: kinachoegemea upande mmoja. Chini yake kulikuwa na mifano. Wa kwanza ulikuwa wa mechi ambayo timu moja inafunga tu. Wa pili ulikuwa wa shauri lililokatwa baada ya kumsikiliza mtu mmoja. Wa tatu ndio waliokuwa wakiurudia: fundi mmoja wa Mazwi anampenda mkulima wa Mpui, lakini upendo wake ni one-sided.

Dereva wa bodaboda alilitamka neno hilo kwa lafudhi yetu ya Kifipa, watu wakacheka. Muuguzi ndiye aliyeniona kwanza, akamgusa dereva begani. Wengine wakageuka, na kicheko kikakatika.

Sikuingia. Nilisubiri nje mpaka wote walipotawanyika. Mwalimu alipotoka alianza kujieleza kwamba hakutaja jina la mtu, na kwamba neno hukaa kichwani mtu akipewa mfano wa karibu. Nilimwacha amalize. Kuchekwa kuliniuma, lakini kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi.

"Mwalimu," nilimwambia, "mimi sikukuambia ni wa upande mmoja. Nani alikuambia?"

Alijipangusa chaki mikononi kwa muda mrefu.

"Yeye mwenyewe," alisema. "Nilipompelekea sweta."

Bwana yule alikuwa amemweleza kwamba ananiheshimu kama dada yake, na kwamba yuko mwanamke wa kijiji cha jirani ambaye kwao ameshakwenda kujitambulisha. Mwalimu alikaa na maneno hayo tangu mavuno, akila nami sahani moja, akinisikiliza nikipanga gauni nitakalovaa siku bwana atakapokuja kuzungumza na mama. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa kuniumiza. Mimi aliogopa kuniambia, darasa zima akaliambia.

Jumamosi nilikwenda Mpui. Bwana alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti uani. Nilipomwuliza, hakuficha.

"Dada, nilidhani mwalimu alikufikishia," alisema. "Nilimwomba akwambie taratibu, kwa kuwa mnaelewana."

Nililia ndani ya gari nikirudi, nimejifunika kitenge usoni. Kwake sikubaki na kinyongo. Kwa mwalimu nilibaki nacho. Nilihama chumba kile, na darasani sikurudi. Aliniomba radhi zaidi ya mara moja, nami nikamjibu yamekwisha, kwa kuwa mtu mzima akikuomba radhi njiani hujui ufanye nini.

Karibu na Krismasi alikuja dukani kwangu na kitenge kipya, akitaka nimshonee. Nilimwambia nina kazi nyingi. Meza yangu ilikuwa tupu, naye aliiona. Alikunja kitenge chake polepole, akakirudisha kwenye mfuko, akaaga.