Mbuzi Kwenye Mtama wa Mwalimu

Juzi nilikuwa napunguza mtama wa mama hapa Kakuma, nang'oa miche na kubakiza mmoja kila shimo. Mdogo wangu Nakiru aliupanda yeye. Akaniangalia kwa macho ninayoyajua.

Niliwahi kuangalia hivyo nilipokuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu wa kilimo alinipa mstari mmoja wa mtama, nikaunywesha kila siku kwa kikopo, maji ya kuchimba mchangani mtoni. Mchana mmoja akapita, akang'oa zaidi ya nusu ya miche, akaitupa juani. Sikumuuliza. Mimi huwa siulizi. Nilijua tu ananichukia, na mimi nikamchukia zaidi.

Nikangoja aende chai. Nikavuta tawi la miiba lililoziba mlango wa shamba la shule, nikaita mbuzi wa nyanya yangu, nikawaelekeza kwenye mistari yake yeye. Bado nakumbuka harufu yao na ile sauti ya kutafuna. Sijawahi kufurahi vile.

Alirudi, akasimama.

"Ejok, Akai," akanisalimu kwa Kiturkana. "Nani amefungua?"

"Ni mbuzi, mwalimu."

"Kumbe! Mbuzi wa siku hizi wana vidole."

Hakunichapa. Alinipa karai niokote mavi yao. "Hii ni mbolea. Tutapanda tena, na tutapunguza tena. Afadhali mche mmoja unywe ushibe kuliko mitano ife kiu."

Nilipanda na hasira, nikapunguza na hasira. Mtama ulikua ukanipita kichwa.

Nakiru naye hakuuliza kitu juzi. Alikuwa anaangalia mbuzi. Nilimweleza habari ya kiu, kisha nikaenda nikafunga mlango wa miiba kwa kamba, mafundo mawili.