Nilivyokula Chakula cha Posa ya Watu

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi nafagia ofisi ya kupitisha mizigo hapa Tunduma, ofisi ambayo siku nzima husikii kitu ila mihuri ikigonga karatasi. Furaha yangu ni chakula cha mchana, na chipsi za jirani zilikuwa zimenichosha.

Juzi nikapita kichochoro cha nyuma, nikaona turubai, viti na masufuria yanafuka moshi. Nikajua ni mama ntilie mpya. Nikakaa kiti cha mbele. Binti mmoja akapiga magoti kuninawisha mikono.

"Karibu, bibi. Wenzako wako nyuma?"

"Kwanza nionje mimi. Nikiridhika nitawaita."

Binti na wapishi wakatazamana. Nikaletewa wali na kuku wa kienyeji. Nikawaambia wali umezidi mafuta, wakakimbia kunibadilishia. Nikasema moyoni, hawa wanajua biashara.

Nilipokuwa nalamba vidole, mzee mmoja mwenye koti akaja akainama, jasho linamtoka.

"Bibi, tuambie ukweli. Aliyekunawisha ndiye binti yetu. Mmempenda?"

"Ana adabu," nikamjibu, "ila kupika bado. Haya, sahani bei gani?"

"Bei?" mzee akarudia. Hapo hapo vigelegele vikalia kichochoroni, wakaingia wenye posa yao, bibi wa bwana harusi akiwa mbele. Akanitazama nilivyokalia kiti chake, akatazama na mifupa kwenye sahani.

"Mwenzangu," akasema, "umetubakishia hata mchuzi?"

Aliyeanza kucheka ni yule binti.