Daftari la Breki

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na uvivu wa kuinuka kitini.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa yadi ya malori upande wa Temeke. Sheria ilinitaka nikague kila lori asubuhi kabla halijatoka: breki, taa, honi, matairi. Lakini mie ni mtu wa nyumbani, na nisipokuwa nyumbani huifanya ofisi kuwa nyumba. Nilikuwa na kiti chenye mto alioushona mke wangu, birika la chai, na makubazi chini ya meza. Kwa hiyo nilikagua kwa mdomo. Niliita dirishani, "Zima?", yaani, lori ni zima, halina ubovu? Dereva akajibu, "Zima!" Nami nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wote pale yadini, maana darasa la kumi nililisoma.

Asubuhi moja akaja dereva mgeni kutoka bara, kapewa lori letu moja. Lori lake lilikuwa likinguruma pale yadi inapoinuka kidogo. Nikaita, "Zima?" Yeye akasikia anaamriwa. Akazima injini.

"Tayari, karani!" akajibu kwa adabu, akashuka aje asikie ninachotaka.

Nikaandika: zima. Wino haujakauka, lori likaanza kurudi nyuma polepole, bila mtu, kama ng'ombe aliyechoka na mazungumzo, likaulalia ua wa makuti wa choo. Tajiri wetu alikuwa ndani.

Alitoka salama, kashika suruali kwa mikono miwili. "Nani kakwambia uzime?" akamfokea dereva.

"Karani."

Nikajitetea kwamba niliuliza, sikuamuru. Basi mafundi walinitania kutwa nzima. Kila nikipita: "Karani, tuzime au tu wazima?"

Aibu ndiyo iliyoniinua kitini. Nikapanda lile lori mwenyewe, nikavuta breki ya mkono. Ikaja yote, laini, kama mwiko kwenye uji mwepesi. Nikakanyaga breki ya mguu, ikazama hadi chini, haikupata cha kushika. Utingo, mzee mwenye mvi, akanionyesha breki aliyokuwa akiitumia miezi yote hiyo: gogo la mwembe, analotupa chini ya gurudumu lori likisimama.

"Na likiwa linakwenda?" nikamuuliza.

"Likiwa linakwenda tunasali, bwana karani. Kila mtu na dini yake."

Nikamwambia tajiri. Choo kilitengenezwa siku ileile. Breki hazikutengenezwa.

Siku ya tatu lori likapakiwa saruji ya kwenda Kisarawe, na juu ya saruji wakapanda watu, kama kawaida. Niliwahesabu: kumi na mmoja. Mmoja wao jirani yangu, mama muuza samaki, na tenga lake la samaki wabichi wa Msasani. Njia ile ina miteremko ya Pugu. Niliwaza gogo la mzee linarushwa kutoka juu ya saruji, watu wale wote wakilitazama likianguka.

Tajiri akaniletea daftari. "Weka sahihi, jua linapanda."

"Halina breki, tajiri."

"Jana halikuwa nazo, na lilirudi."

"Ndiyo maana sitaki kulijaribu tena."

Akasogea. "Wewe karani, unajua nani anakulisha?"

"Mke wangu, tajiri. Wewe unanilipa tu."

Mafundi wakaacha kugonga. Nikachovya kalamu kwenye wino mwekundu nikaandika kwa herufi kubwa, kutoka pembe hadi pembe ya ukurasa: HALINA BREKI. Chini yake sahihi yangu, ile nzuri.

Akataka kuuchana. Nikamkumbusha kwamba kurasa za daftari lile zilikuwa na namba na mhuri wa serikali, na askari wa kizuizi cha barabara ya Pugu hulifungua kabla ya kuinua mti. Ukurasa uliopungua ungesema zaidi ya ulioandikwa.

Akaliacha daftari mezani. Kisha akasema, taratibu, "Chukua mto wako uende."

Niliuchukua. Birika pia. Nikapita katikati ya yadi na makubazi yangu mkononi, kichwa juu, na hakuna fundi aliyeniuliza kama ni mzima. Nyuma yangu nikasikia watu wakishushwa kutoka juu ya saruji, na tajiri akimwita fundi wa breki kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mke wangu aliniona nikiingia na mto saa nne asubuhi, akacheka hadi akakaa chini. Alasiri tulikuwa barazani, naye ananitania kwamba hatimaye nimepata kazi inayonifaa, kukaa nyumbani. Mara jirani akaingia na tenga lake kichwani. Alikuwa amengoja gari jingine juani tangu asubuhi, hakupata, akarudi kwa miguu. Harufu ilimtangulia uani.

Nikajiweka sawa kitini nipokee shukrani.

Akalibwaga tenga mbele ya miguu yangu. "Mie umeniokoa, haya, nimesikia. Samaki wangu je?"