Nimening'inia Juu ya Mama Mkwe

Leo nimekaa hewani karibu nusu saa, na aliyesimama chini yangu ni mama mkwe.

Mnajua kazi yangu ni winchi ya umeme pale kiwandani, ile ya kupandisha magunia ya majani chai ghorofani. Sheria ni moja: mtu hapandi na mzigo. Na mimi ndiye huwafundisha wengine.

Leo nikaona ngazi ni mbali. Nikamwachia mwenzangu Ombati rimoti, nikakalia magunia.

Katikati ya safari, stima ikapotea.

Stima ikipotea, breki ya winchi hujifunga yenyewe. Ndiyo maana sikuanguka. Ndiyo maana pia sikushuka.

Mama mkwe alikuwa kwenye foleni ya wakulima walioleta majani. Angeondoka, lakini magunia niliyokalia yalikuwa yake.

Sisi Wakisii, mama mkwe na mkwe hawatazamani machoni, sembuse yeye kuona nyayo zangu. Akajifunika leso, akageukia ukuta.

Kisha akamwambia Ombati, bila kugeuka: "Mwambie huyo wa juu, binti yangu hakuolewa na gunia."

Sabato hii tumealikwa kwake. Mliooa, niende ama niugue?