Dole Gumba Langu kwa Gavana

Jumanne. Mvua nyepesi imenyesha hapa Lanham, huku ughaibuni, tangu asubuhi. Mjukuu wangu karudi kutoka kupiga kura na stika kifuani: "Babu, nimevote!" Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, Tanganyika.

Wazee walijaa uani kwetu, wakinukia jasho na tumbaku, wakitia dole gumba kwenye barua ya kumwomba Gavana tuwachague wenyewe watu wa kutusemea katika baraza lake. Mimi nilidhani kila atakayetia dole atagawiwa sukari. Nikachovya langu kwenye wino, nikabandika.

"Kaiharibu!" akafoka Mzee Saidi, aliyeiandika. "Watasema tumejaza watoto!"

Kuiandika upya kulitaka watu waitwe tena kutoka mashambani, na wengine, nadhani, wangeogopa kurudi.

"We Saidi, hebu iache," akasema bibi yangu. "Kwani huyu hatawaliwi?"

Wakacheka wote, hata Saidi, nisimwonee. Baba akaandika kando ya dole langu: "Huyu ni mtoto, msimhesabu."

Kama Gavana aliisoma, sijui. Jioni tulikula ugali na mlenda. Mama alinilisha kwa mkono wake, maana wino ulikataa katakata kutoka.