Siku Niliyoisoma Shafti Hadharani Bangwe

Jamani, nitasimulia, lakini mkicheka sana naacha katikati, maana aibu ile mpaka leo nikipita ufukwe wa Bangwe natazama upande wa pili.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanaingia kwa wingi, nami ndiyo kwanza nimehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, injinia kijana, cheti bado kinanuka wino, nasimamia karakana ya boti zilizowaleta watu kutoka Kagunga, kule mpakani na Burundi. Siku moja boti ikaja inavutwa, shafti ya propela, kile chuma kinachoizungusha, imekatikia ziwani, mawimbi makubwa, abiria wamepiga mayowe hadi sauti zimekauka. Bosi akasema nahodha, Mzee Hamimu wa Ujiji, kagonga mwamba kwa uzembe, na kazi hana tena, labda mimi niseme vingine.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ningekitazama kile kipande cha shafti karakanani kimya kimya, yangekwisha. La! Nikakibeba begani hadi ufukweni, abiria wote wako pale wanangoja malori ya kambini, na wakwe wa Mzee wapo (binti yake alikuwa anakaribia kuolewa), nikapanda juu ya kreti la soda na kuanza kufundisha.

“Chuma nacho huchoka,” nikasema. “Kikichoka kinapata ufa, na kila shafti ikizunguka mara moja ufa unasogea kidogo na kuacha mstari. Mistari ikibanana, ufa ulikwenda polepole. Ikiachana, ulikwenda mbio.”

Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, na mtu mwenye akili angeshuka. Lakini watu walikuwa wametulia, wananitazama, nikanogewa. Nikawaonyesha mistari kwenye ule uso uliokatika, imejipinda vizuri, ya mwanzo imesongamana, ya mwisho imeachana, nikaipitishia kidole mmoja mmoja, nikatangaza, “Mistari yenyewe michache! Ufa umeanza leo leo, pale mlipong'oa nanga Kagunga. Mzee amegonga!”

Mzee Hamimu akavua kofia yake, akaikunja. Mkwewe akatazama mchanga.

Mama mmoja kutoka Burundi, Mama Spesiyoza, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. “Mwanangu, mstari mmoja ni mzunguko mmoja?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hicho chuma kinazunguka polepole?”

“Aa, mbio sana, huwezi hata kuhesabu.”

“Ego, ndiyo. Sasa si kingekatika hata hatujatoka Kagunga? Twebwe, sisi hawa, tumesafiri tangu alfajiri.”

Nikaangalia kipande. Nikakigeuza juu chini (sijui nilitegemea nini huko chini). Kama kila mstari ni mzunguko, boti ingekatika shafti kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Kama si mzunguko, ni nini? Na chuoni walinidanganya? Kichwa kikawa kizito, jasho likanitiririka, nikasema, “Labda ilizunguka kidogo tu.” Watu wakaangua kicheko, hata bosi.

Katikati ya kicheko hicho ndipo nikakumbuka, na ningefurahi kusahau. Mistari ya kila mzunguko haionekani kwa macho, ni midogo mno, inataka hadubini kubwa ambayo Kigoma nzima haikuwepo. Hii niliyoigusa kwa kidole ni alama za pale ufa ulipopumzika, boti imetia nanga, injini imezimwa, kisha ukaendelea, na kati ya alama mbili kuna mistari midogo maelfu kwa maelfu. Basi ufa ulikuwa wa zamani, na mwamba hauachi alama za mpangilio namna ile.

Nikashuka, nikamnong'oneza bosi, “Nimekosea. Shafti ilichoka yenyewe. Mzee hana kosa.” Bosi akaitikia kwa kichwa, akamrudishia Mzee kazi yake, nami nikajifuta jasho nikijua nimenusurika.

Mzee akanishika mkono. “Injinia, uzembe wangu umewatangazia hadi wakwe zangu. Usafi wangu mbona unaunong'oneza?”

Nikapanda tena kreti lile, nikapaza sauti hadi wavuvi wa dagaa wakageuka, “Mzee Hamimu hana kosa! Mimi ndiye sijui kusoma!”

Tangu hapo chuma nakisoma ndani, mlango umefungwa, na jina la mtu silitaji mpaka niwe nimekisoma mara mbili.