Nabirye Alete Mume Wake

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Ustawi wa Wilaya alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili, kisha akafunga droo ya meza yake kwa ufunguo. Wala hakujificha.

"Wewe ni Mnubi," akasema.

"Ndiyo, bwana. Nimezaliwa hapa hapa Jinja."

"Hata mamba wa mtoni wamezaliwa hapa hapa."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa serikalini. Vita vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudani tulihesabiwa wote kuwa jamaa wa utawala ulioangushwa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, hajashika hata manati maishani mwake, lakini nani angeuliza?

Walinichukua kwa sababu ya watoto. Tulikuwa na nyumba ya mapokezi, yaani mahali pa kuwaweka watoto waliookotwa wakati watu wanakimbia, na wengi wao walitoka kambi za jeshi, hawajui lugha ila Kiswahili. Wenzangu ofisini walikijua vizuri, msidanganywe, ila walikichukia. Kwao kilikuwa lugha ya askari, ya kuambiwa panda gari. Basi kuongea na watoto nikaachiwa mimi.

Vijana wa leo mnaona idara ina mlango wa jinsia, mlango wa vijana, mlango wa usawa. Wakati wetu ilikuwa na kazi mbili tu: kuwachunga waliofungwa kifungo cha nje, na kuwatafutia watoto kwao. Wanawake walikuwa idara nyingine kabisa, ya kufundishwa kushona na kupika mandazi. Neno usawa sikulisikia hata likitajwa kwa bahati mbaya.

Kumrudisha mtoto kwao tuliita kuunganisha, na msifikiri ni kazi ya machozi ya furaha. Walikuja watu kudai watoto wasio wao, wakitaka mikono ya kulima na vichwa vya kubebea maji. Ndiyo maana mkubwa wangu alikuwa na msemo wake: "Kila anayeingia hapa ni mwongo mpaka jirani yake aseme vingine." Kwanza tuliuliza ukoo, kisha muziro, yaani kile ambacho ukoo huo haugusi wala kula. Halafu ilifuata ziara ya nyumbani, kwenda kuwauliza majirani. Na sharti la mwisho: anayedai awe baba au mwanamume wa ukoo wa baba. Mama hakuhesabika.

Ndipo akaja Nabirye. Katika Busoga, mwanamke akizaa mapacha huitwa Nabirye na mumewe Isabirye, na mtoto anayewafuata mapacha huitwa Kizza. Kizza wetu alikuwa msichana mdogo aliyeokotwa stesheni ya treni. Alipomwona yule mama alimrukia shingoni, akamng'ang'ania kama kupe. Mwenye macho aliona.

"Hata mimi nikimpa peremende atanirukia," mkubwa akasema. "Nabirye alete mume wake."

"Mume wangu haingii ofisi ya serikali, ssebo," mama akajibu; ssebo ni bwana kwao.

"Kwa nini? Ameiba nini?"

Mama akageukia mlango kana kwamba kuna mtu nje. Kulikwepa kwake swali hata mimi kulinitia wasiwasi, siwafichi. Alitaja tu kwamba nyumba yao iko Buwenge, nyuma ya kinu cha mahindi. Mkubwa akaamua: niende nikathibitishe huyo Isabirye. Nikimkosa, Kizza atapelekwa pamoja na wenzake kwenye makao ya watoto Mbale, na atakayemtaka huko atamchukua. Mama akakaa kwenye baraza ya nyumba ya mapokezi, akakataa kuondoka.

Nikafika Buwenge siku ya soko. Nikamwendea fundi baiskeli, nikamuuliza kwa Kiswahili changu kisafi cha nyumbani, "Nyumba ya Isabirye iko wapi?"

"Hapana jua yeye, afande."

Afande! Mimi, mwanamke wa gauni la gomesi na kikapu! Nikamuuliza muuza chumvi: hapana jua. Mwenye kinu naye, nyuma yake naliona paa la nyumba kwa macho yangu: hapana jua, nyumba hapana. Nikarudi Jinja nimekasirika, lakini njia nzima jambo moja lilinikera. Busoga imejaa mapacha. Ukiuliza Isabirye popote, watu watakujibu, "Isabirye yupi?" Buwenge nzima hakuna hata mmoja aliyeniuliza yupi.

"Umeona? Mwongo," mkubwa akasema.

"Bwana, wamekataa wote kwa neno moja. Waongo ni wao."

Akaacha kuandika. "Uliwauliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili." Akaelewa, nami nikaelewa. Miaka ile, mtu aliyekuja kuulizia mwanamume kwa jina, tena kwa Kiswahili, alikuja kumtia kwenye buti la gari. Kikapu changu hakikumdanganya mtu.

Nilipomweleza Nabirye alijipiga kifua. "Mama yangu! Umenimalizia mume! Ndugu yake, askari walimuulizia hivyo hivyo, hatujamwona mpaka leo. Sasa huyu amekimbia, na mtoto mtampeleka Mbale!" Alilia kwa sauti mpaka wapishi wakatoka jikoni. Na mimi nililia, kwa hasira, maana nilichoshwa kuwa askari katika macho ya kila mtu.

Nikamwomba mkubwa aniruhusu niende na mama na mtoto pamoja, mama aongee mwenyewe. Akanikazia macho.

"Atakutoroka na mtoto."

"Nitamshika mkono."

"Ukimpoteza, na wewe usirudi."

Safari hii nilifunga mdomo. Nabirye alisimama mbele ya kinu akaita kwa Kisoga, sauti ya mtu anayeita mbuzi wake. Kisha mwanamume akatoka nyuma ya magunia, mweupe pe kwa unga, mikono imeinuliwa juu. Hakumtazama mkewe wala mtoto. Alinitazama mimi.

"Afande, wewe naleta mtoto ama nachukua mimi?"

Nikamsukuma Kizza mbele. Mtoto naye akagoma, akajificha nyuma ya gomesi yangu, maana hakumtambua mtu mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Mwanamume akavua shati, akajipangusa uso, akachuchumaa. Kizza akachungulia. "Taata," akasema, akamwendea.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, nikapanga nyumba Malukhu, nikafanya kazi chini ya wakubwa wengi. Tukaongezewa vijana, tukaongezewa wanawake, tukaongezewa usawa, na kila mara kibao cha mlangoni kilipakwa rangi upya huku viti vikibaki vile vile vya kuvunjika. Ilipokuja amri kwamba mama anaweza kumdai mtoto wake peke yake, niliifurahia, lakini sikuiamini hivi hivi. Nikakaa karibu na mlango nisikilize. Haikupita wiki, karani akamuuliza mama mmoja, "Bwana yako yuko wapi?" Nikamwambia, "Kwani uliona jina la bwana kwenye amri? Muulize habari za mtoto wake!" Sheria hubadilika kabla ya ndimi za watu.

Nimestaafu sasa. Vijana wakija kunisalimu huniuliza ni kazi ipi iliyonifurahisha kuliko zote. Wanategemea nitaje semina. Mimi huwasimulia ziara ya ufuatiliaji, ile tunayofanya baada ya kuunganisha, kuona kama mtoto anatunzwa. Kabla sijahamishiwa Mbale nilirudi Buwenge, nikiwa nimejifunza Kisoga cha kutosha. Nikamwamkia mwenye kinu inavyostahili, nikauliza afya ya watoto na ya mahindi, nikaeleza nilichofuata, ndipo nikamtaja Kizza na wazazi wake.

Akanitazama usoni bila kupepesa. "Hao watu hatuwajui, nyabo." Nyabo ni bibi; uafande ulikuwa umenitoka.

Nyuma ya kinu nikasikia sauti ya mtoto akigombana na kuku, mwanamke akimkaripia, mwanamume akicheka. Mwenye kinu alisikia kama nilivyosikia, asitikisike. Nikamshukuru, nikarudi Jinja.

"Enhe?" mkubwa akauliza.

"Mtoto yuko salama, bwana," nikamjibu. "Wamekataa kabisa kwamba yupo."